Kuandika Riwaya ya Mauaji Kwenye Tamasha la Vitabu Kisiwani: Mwongozo Kamili kwa Waliokwama Sura ya Saba

Miswada ya riwaya za upelelezi ninayoletewa kusoma hufia mahali pamoja. Sura ya kwanza mashua inatia nanga na waandishi wanashuka na mizigo yao. Sura ya tatu maiti inapatikana. Sura ya nne hadi ya sita mpelelezi anahoji watu. Ikifika ya saba, mwandishi hajui tena nani aulizwe nini, na mswada unaingia kabatini.

Chanzo ni kile kile karibu kila mara. Mwandishi ameanza kazi akiwa amekaa upande wa mpelelezi, na hajui ukweli wa usiku ule kumzidi mpelelezi wake. Hapa tunahama kiti. Tutaanza na muuaji, saa zake na njia zake. Mpelelezi atakuja baadaye sana.

Nimechukua mazingira yanayopendwa na wengi na kuwashinda wengi, tamasha la vitabu kisiwani, na nitajenga mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Uchukue kama kiunzi cha mazoezi, kisha tunga wako.

## Vitu vya kuandaa

- Madaftari mawili. La kwanza ni la ukweli: mambo yalivyotokea hasa. La pili ni la maneno: kila mtu anavyodai yalitokea. Usiyachanganye hata siku moja.
- Karatasi kubwa ya ramani, penseli na kifutio. Kalamu ya wino isubiri.
- Kadi ndogo kama 60 za kuandikia vidokezo.
- Ratiba ya tamasha, uliyoitunga mwenyewe, saa kwa saa.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa kwa siku zote za hadithi.
- Msomaji mmoja mkaidi, yule ambaye ukimsimulia jambo hukuuliza, "Sasa kwa nini hakupita mlangoni?" Rafiki anayekusifia kila unachoandika hafai kwa kazi hii.

Tenga wiki mbili za maandalizi kabla ya sentensi ya kwanza. Najua zinauma. Miezi sita ya kuandika upya huuma zaidi.

## Hatua ya 1: Chora kisiwa kabla hujakipa jina

Kazi ya kisiwa katika riwaya ya namna hii ni kuzuia. Kinamzuia muuaji asitoroke, kinawazuia polisi wasifike upesi, na kinakuzuia wewe usiingize mtu mpya sura ya ishirini kwa sababu umekwama.

Weka gati, ukumbi, vyumba vya wageni na njia zote, hata za uchochoroni. Umbali uandike kwa dakika za kutembea. Mita 600 kwenye mchanga mbichi humchukua mtu mzima kama dakika kumi, na dakika ndizo utakazozihitaji kwenye mahojiano.

Kisiwa chetu cha mfano kina gati upande wa mashariki na ukumbi katikati. Kaskazini kuna kijisiwa chenye mnara wa taa wa zamani na nyumba ya mlinzi wake, na njia pekee ya kukifikia kwa miguu ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kulivuka ni dakika kumi. Mashua ni moja, na usiku hulala ng'ambo. Simu hushika mtandao gatini tu.

Onyo: usilete dhoruba usiku ule ule wa mauaji. Dhoruba iliyokuja kwa wakati unaomfaa mwandishi msomaji huinusa mbali. Kizuizi kiwepo tangu ukurasa wa kwanza, kikiwa kero ndogo ya kawaida: mgeni anazunguka na simu mkononi akitafuta mtandao, mwenyeji anamwelekeza gatini, basi.

Ukitaka kujua kama umefaulu, mpe mtu ramani bila maelezo, umuulize anaweza kufika mnarani saa ngapi na kwa njia gani. Akijibu peke yake, songa mbele.

## Hatua ya 2: Tunga ratiba ya tamasha

Hapa ndipo tamasha linapoishinda nyumba ya kifahari au treni. Kwenye tamasha kila mtu ana karatasi inayosema yuko wapi saa ngapi. Ratiba ni kinga ya watu wote kwa pamoja, yaani uthibitisho kwamba fulani alikuwa kwingine jambo lilipotokea. Kazi yako ni kutafuta saa moja ambayo karatasi inasema kweli kwa wote isipokuwa mmoja.

Andika siku zote: mijadala, usomaji, mlo, kusaini vitabu, na nani anaendesha kipi. Weka na vile vinavyotokea kwenye tamasha halisi: kipaza sauti kinachokoroma, mwendeshaji asiyesoma kitabu anachokijadili, mtu wa hadhira anayesimama kuuliza swali akatoa hotuba.

Yetu ni ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, wageni wasiozidi 60. Jumamosi usiku kuna kusaini vitabu, kisha usiku wa mashairi. Jumapili saa 4 asubuhi mhariri mkongwe atatoa maneno ya kufunga. Huyo ndiye marehemu wetu, na ile saa 4 ndiyo itakayomuua.

## Hatua ya 3: Andika usiku wa muuaji

Fungua daftari la ukweli. Andika kurasa tano au sita kwa nafsi ya kwanza, muuaji akisimulia. Hazitaingia kitabuni.

Anza na sababu. Wivu, chuki na pesa ni majina ya jumla tu. Yanahitaji tarehe ya mwisho, vinginevyo msomaji atauliza kwa nini leo na si mwaka jana. Kwetu, muuaji ni mwandishi aliyepata tuzo kwa riwaya aliyoiba kutoka mswada wa mwanafunzi wake, ambaye sasa ni marehemu. Mhariri ameupata mswada ule. Ijumaa, wakiwa kwenye mashua, anamwambia kwa upole: jitangaze mwenyewe kabla ya Jumapili saa 4, la sivyo nitasema mimi. Upole huo ndio unaompa muuaji muda wa kupanga.

Sasa njia. Mwandishi huyu ana vitabu 40 vya kusaini Jumamosi, kila kimoja na mistari miwili ya salamu kwa mnunuzi. Anamwambia kijana wa vitabu: kusanya vikaratasi vya majina, viweke kwenye kikapu mlangoni pangu, mimi nitajifungia niandike kwa utulivu, vitabu vitatoka vyote pamoja. Mlango unafungwa saa 2:55 usiku na kufunguliwa saa 3:40, naye anatoka akijifuta wino vidoleni. Vitabu 40 kwa dakika 45, nani atadai hakuwa anaandika?

Ukweli ni kwamba vyote alivisaini Ijumaa usiku, akifuata orodha ya walioagiza mapema. Chumba kina mlango wa nyuma unaotokea ufukweni.

- 2:30: kijana wa kazi anamsindikiza mhariri kwenda nyumba ya mlinzi wa mnara, alikopangiwa kulala. Saa 2:50 kijana amerudi ukumbini.
- 2:55: mwandishi anafunga mlango wa mbele. Saa 2:57 anatoka kwa mlango wa nyuma.
- 3:07: anafika mnarani.
- 3:27: anaondoka, mswada ukiwa ndani ya koti. Mhariri yuko chini ya ngazi za mnara, kana kwamba ameteleza.
- 3:37: yuko chumbani. Anavuta kikapu ndani, anabadilisha viatu.
- 3:40: anafungua mlango.

Tazama zile dakika saba kati ya 2:50 na 2:57. Katika rasimu yangu ya kwanza ya mfano huu muuaji na kijana wa kazi walikutana katikati ya fungu la mchanga, wakapitana bila hata salamu. Makosa ya aina hii huonekana pale tu unapoandika dakika.

Umefaulu ikiwa kila dakika ya muuaji, tangu kukubali kuua hadi kulala, ina mahali pake na hakuna inayoanza na "kwa bahati".

## Hatua ya 4: Linganisha maji, mwezi na maiti

Hii hatua watu huiruka, na ndiyo inayowaumbua kwa msomaji anayeijua bahari.

Kutoka maji kupwa hadi kupwa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, aghalabu siku moja au mbili baadaye. Hapo maji hupwa mbali na kujaa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na fungu letu la mchanga huenda lisionekane kabisa.

Kwetu ni bamvua ya mwezi mwandamo. Maji yanapwa kabisa Jumamosi saa 3:30 usiku, na njia iko wazi saa moja kabla na saa moja baada: 2:30 hadi 4:30. Kupwa kunakofuata ni Jumapili saa 3:55 asubuhi, kwa hiyo njia inafunguka tena 2:55. Anayepeleka kifungua kinywa anavuka saa 3 kamili na kumkuta marehemu saa 3:10.

Ukishachagua giza, mwezi usiwake tena kitabuni. Nimeshasoma mswada wenye mwezi mpevu Ijumaa na "giza totoro la mwezi mwandamo" Jumapili.

Sasa mwili. Kukakamaa huanza kuonekana tayani na shingoni kama saa mbili hadi nne baada ya kifo, hufika mwili mzima baada ya saa kumi na mbili hivi, kisha hulegea kadiri siku ya pili inavyokwenda. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Damu nayo hutuama upande wa chini wa mwili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili alama zake hazihami tena. Hapo ndipo hujulikana kama maiti imegeuzwa.

Usimpe daktari wako uwezo wa kusema "alikufa saa 3:12". Hakuna daktari mwangalifu anayesema hivyo. Wetu, ambaye ni mgeni tu aliyekuja kusikiliza mashairi, anasema: mwili umekakamaa wote, basi ni jana usiku, mapema kuliko usiku wa manane, zaidi ya hapo sibahatishi. Dirisha la muda wa kifo linabanwa na bahari yenyewe. Baada ya 2:50 marehemu alikuwa hai na peke yake. Saa 4:30 njia ilifungwa. Saa 4:40 wageni wote walihesabiwa mezani. Aliyeua alivuka na kurudi ndani ya saa moja na dakika arobaini, na alikaa mezani akala.

Mambo mawili yanayotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Majedwali ya maji huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 21:30 ni saa 3:30 usiku. Geuza zote siku moja, zikague, kisha usitazame tena jedwali la asili. Na ujihadhari na maneno "usiku wa Jumapili". Kwa baadhi ya wasomaji ni usiku wa kuamkia Jumapili, kwa wengine ni Jumapili jua likishatua. Andika "Jumamosi usiku" au "usiku wa kuamkia Jumapili", umalize ubishi.

## Hatua ya 5: Kila mshukiwa awe na uongo wake

Washukiwa watano wanatosha. Saba ni wengi, watatu ni wachache mno.

Kosa kubwa ni kuwafanya wasio na hatia waseme kweli. Mpelelezi akihoji watu wanne wakweli na mmoja mwongo, kazi imekwisha sura ya tano. Kila mmoja adanganye, na kila uongo ufiche aibu inayojitegemea.

Mratibu anasema alikuwa jikoni. Kweli alikuwa ofisini akihesabu fedha za tiketi ambazo hazitimii. Mshairi kijana, ambaye mhariri alimkosoa hadharani Ijumaa, anasema alikuwa akifanya mazoezi. Kweli alikuwa amejificha nyuma ya ukumbi akilia, na angependa kushukiwa uuaji kuliko hilo lijulikane. Mfasiri anakana kumfahamu marehemu, ilhali alikuwa na makubaliano naye ya siri ya kuhamia mchapishaji mwingine. Kijana wa vitabu anasema hakuondoka mezani; aliondoka, dakika kumi, kwenda gatini kupiga simu.

Na mwandishi wa tuzo? Yeye ndiye mwenye kinga imara kuliko wote, kwa hiyo mfanye awe wa kusaidia. Awe wa kwanza kumkumbusha mpelelezi habari za maji.

Kwenye daftari la maneno, andika jina la kila mtu, alichosema, alichoficha, na sura ambayo uongo wake utavunjika. Safu hii ya mwisho ndiyo itakayokuokoa sura ya saba: unapokwama, unatazama ni uongo wa nani una zamu ya kuvunjika.

## Hatua ya 6: Chagua mpelelezi ambaye kazi yake inaona kidokezo

Wengi huanza hapa, na ndiyo maana wengi hupata mpelelezi mwenye koti zuri na kikohozi ambaye angeweza kuwekwa kwenye kesi yoyote. Subiri hadi ujue kidokezo kikuu, kisha jiulize: ni mtu wa kazi gani angekiona wengine wakikipita?

Kidokezo chetu kikuu ni jina lililoandikwa vibaya kitabuni. Basi mpelelezi wetu ni msahihishaji prufu mstaafu, mama aliyekula mshahara miaka mingi kwa kuona herufi iliyokosekana. Hana mamlaka, hana silaha. Ana tabia ya kusoma kila kilichoandikwa mbele yake, hata lebo za chupa.

Mwekee mwenza mwenye akili ya kawaida, anayeuliza ambayo msomaji angeuliza. Huyo awe ndiye msimulizi, usije ukalazimika kufungua kichwa cha mpelelezi kabla ya wakati.

## Hatua ya 7: Ficha vidokezo mahali panapoonekana

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliorodhesha kanuni kumi za utanzu huu. Nyingine zimezeeka. Ya nane bado ni sheria: mpelelezi asikute kidokezo ambacho msomaji naye haonyeshwi papo hapo. Ugumu ni kumwonyesha bila kumwamsha.

Andika kila kidokezo kwenye kadi yake: kinasema nini hasa, kitaonekana kinasema nini, kiko sura gani. Vyetu vinne ni hivi.

Cha kwanza, taa. Kandili ya marehemu imekutwa mezani chini ikiwa imezimwa. Hakuna anayepanda ngazi za mnara gizani bila taa. Alikuwa na mtu mwenye mwanga wake. Hiki kinaondoa dhana ya ajali, kwa hiyo kije mapema.

Cha pili, viatu vya ngozi vyenye mstari mweupe wa chumvi, mlangoni kwa mwandishi. Kiwe na maelezo ya halali: wengi walilowa wakishuka mashua Ijumaa. Mfasiri naye ana viatu kama hivyo.

Cha tatu na cha nne ni vya vitabu. Cha tatu nakionyesha hivi:

> Bibi mwenye miwani alisukuma kitabu kwenye meza. "Mwanangu, mimi nilimwandikisha mjukuu wangu. Humu naona jina langu, tena wamelila herufi."
>
> Kijana akafungua ukurasa, akautazama, akaufunga. "Nisamehe bibi. Leo amesaini vitabu arobaini, mkono umechoka."
>
> "Mkono ndio uliochoka, au macho?"
>
> Foleni nzima ikacheka. Mratibu akaingia akihema, akauliza nani ameona ufunguo wa sanduku la fedha, na kwa muda kila mtu akawa anatazama chini ya viti.

Angalia mpangilio. Kidokezo kiko katikati, si mwanzo wala mwisho wa tukio. Baada yake kuna kicheko, ambacho humwambia msomaji jambo limekwisha. Kisha unaingia ufunguo uliopotea, ambao una uzito wa fumbo ingawa ni mambo ya mratibu tu. Msomaji ataubeba ufunguo na kumwacha bibi.

Peke yake, hiki hakimfungi mtu. Huenda mwandishi alitazama orodha badala ya kikaratasi. Kinachokaza ni cha nne. Mgeni mmoja aliikosa mashua ya Jumamosi asubuhi na hakuja kabisa. Hakuandika kikaratasi. Lakini ndani ya boksi la vitabu vilivyobaki, sura ya ishirini, kipo kitabu chenye jina lake, salamu mbili na sahihi. Kiliandikwa lini, na kwa kufuata nini?

Onyo: kidokezo kikuu kionekane angalau mara mbili, sura zisizopungua nane zikiwa katikati. Kikija mara moja tu, msomaji akifika mwisho atasema umemdanganya, hata kama hukumdanganya.

## Hatua ya 8: Panga sura

Tandika kadi sakafuni. Riwaya ya aina hii hupumua vizuri kwenye maneno 70,000 hadi 90,000. Tuseme sura 35 za maneno 2,000.

Maiti ipatikane kabla ya sura ya sita. Kabla yake, kila mshukiwa awe ameonekana akiwa na marehemu walau mara moja, na msomaji awe ameshavuka lile fungu la mchanga kwa miguu yake, mchana, bila hofu. Sura ya kumi na tano hadi ya kumi na nane, dhana iliyokuwa ikiaminiwa ivunjike: mshairi akubali alipokuwa, na aliyeonekana muuaji wa wazi asafishwe. Polisi wakifika, wafike na mashua ya Jumapili mchana, wamkamate mratibu kwa zile fedha. Kosa ni la kweli, ila muuaji siye.

Kila sura ibadilishe jambo moja kwenye daftari la maneno. Isiyobadilisha kitu, hata iwe na machweo mazuri kiasi gani, itoe.

## Hatua ya 9: Andika rasimu bila kurudi nyuma

Maneno 1,000 kwa siku, na usisome ya jana zaidi ya aya ya mwisho. Ukigundua kosa la saa, liandike kwenye kadi nyekundu, endelea. Anayerudi kurekebisha sura ya pili akiwa ya tisa hafiki ya kumi.

## Hatua ya 10: Ufichuzi

Mkusanyiko wa washukiwa wote chumbani umetumika sana, lakini tamasha linakupa kisingizio cha bure: kikao cha kufunga, kilichoahirishwa baada ya maiti kupatikana. Viti vipo, kipaza sauti kipo, na kiti cha mhariri kiko tupu.

Fuata mpangilio huu: kwanza kwa nini si ajali, pili dirisha la maji, tatu uongo wa kila mmoja kwa ufupi, nne mwenye kinga imara, tano kitabu cha asiyekuja. Mpelelezi asianze kwa kutaja jina. Awaombe wenye vitabu wafungue ukurasa wa sahihi, kila mtu asome jina lililoandikwa kwake. Wawili wengine wagundue papo hapo kwamba nao waliandika jina jingine kwenye kikaratasi. Msomaji amtambue muuaji sekunde tatu kabla ya kutajwa. Akimtambua kurasa tatu kabla, punguza maneno.

Na muuaji asikiri kwa hotuba ndefu. Aseme sentensi moja, ikiwezekana ya kusahihisha jambo dogo.

## Hatua ya 11: Mpe msomaji mkaidi

Mpe mswada bila sura tatu za mwisho. Mwambie aandike anamshuku nani, kwa nini, na mahali alipochoka. Ukirudishiwa, soma majibu hivi:

- Amepata muuaji na sababu sahihi kabla ya sura ya ishirini: kidokezo kimoja kimekaa wazi mno. Mara nyingi ni kile ulichokipenda zaidi.
- Amepata muuaji kwa hisia tu: sawa. Wasomaji hubahatisha, usibadilishe kitu.
- Hana habari kabisa, na ukimwambia anashangaa bila kukumbuka bibi wala boksi: rudi hatua ya 7.
- Akiambiwa anapiga paja na kufungua kurasa za nyuma kumtafuta bibi: kazi imeiva.

Kisha mwache atoboe matundu. Wangu alitoboa mawili. La kwanza: kwa nini muuaji asingeogelea muda wowote? Jibu likawa mkondo mkali kati ya kisiwa na mnara, ambao sasa unatajwa sura ya pili, mwenyeji akiwakataza watoto. La pili lilinikosesha usingizi: vile vikaratasi vilienda wapi? Vikibaki kikapuni, polisi wangevilinganisha na vitabu asubuhi ile ile. Ilibidi muuaji avichome, na karatasi zikichomwa chumbani huacha harufu. Sasa msahihishaji wetu, saa 3:40, akipita kuchukua kitabu chake, anakunja pua na kuuliza nani anachoma takataka usiku huu. Hiyo ni kadi ya tano, na imekaa sura ya nne, katikati ya tukio.